Mama Nekoye wa Kibuye, Aliyetafuta Cheche

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu. Nyinyi mlio jikoni, nyinyi mnaofunga maduka pale Kondele, nyinyi mnaokunja nyavu Dunga na Usoma, nawasalimu nyote. Mimi ni mtangazaji wenu, Absalom Oketch. Ongezeni sauti kidogo, jirani naye asikie.

Jioni hii tunamkumbuka Mama Nekoye Amolo. Alizaliwa Webuye. Aliishi na kufanya kazi hapa Kisumu. Alifariki mwezi wa Agosti, mwaka huu wa tisini na tisa, na tukamzika Seme, nyumbani kwa marehemu mumewe. Wengi wenu mlimjua kwa jina la sokoni. Nyar Webuye, yaani binti wa Webuye. Ukifika soko la Kibuye ukauliza Nekoye, mtu angekuangalia tu. Ukiuliza Nyar Webuye, hata muuza omena alikushika mkono akakupeleka.

Na kazi yake? Alitafuta vipuri vya cheche. Nasema tena, alitafuta vipuri vya cheche, vya injini ambazo dunia ilikuwa imeshazisahau.

Ngoja niwaeleze wale ambao hawajawahi kufungua injini. Injini ndogo ya petroli, iwe ya msumeno wa kukata miti, iwe ya boti, iwe ya pampu ya maji, haiwaki bila cheche. Cheche hiyo inatoka kwenye koili, kidude kizito cha waya wa shaba kinachokaa karibu na gurudumu la sumaku. Kuna platinamu, vile vinywa viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga. Kuna kondensa, haizidi kidole cha mtoto. Kimoja kikifa, injini nzima inageuka chuma cha kuzuia mlango.

Sasa miaka ya themanini, huku kwetu, mashine nyingi zilikuwa kuukuu. Zililetwa zamani na wenye mashamba makubwa, na wamishonari, na wapasuaji wa mbao. Wenyewe waliondoka. Mashine zikabaki. Ukienda duka kubwa mjini kuulizia koili, mwenye duka anaigeuza mkononi, anakurudishia. "Hii ilishaacha kutengenezwa, bwana." Unatoka hapo umeinamisha kichwa. Halafu mtu mmoja nje ya duka anakuambia, "Si uende kwa Nyar Webuye?"

Alifikaje pale? Tuanze mwanzo.

Baba yake, Mzee Wakhisi, alikata miti kwa msumeno wa injini huko milima ya Webuye. Nekoye alikuwa binti wa kwanza. Mama yake alimtaka jikoni, baba yake alimtaka msituni, na mara nyingi baba alishinda. Binti yake Nekoye, Benta Amolo, aliniambia hivi wiki jana, tukiwa tumekaa mbele ya kibanda:

"Baba yangu, Amolo, alienda Webuye kurekebisha pawaso, ile misumeno ya injini, za wapasuaji. Akamkuta Mama amekaa juu ya gogo, anasafisha plagi ya injini na mswaki. Baba akamuuliza, 'Huo ni mswaki wa nani?' Mama akasema, 'Wa baba yangu, na ukimwambia nitakukana.' Baba alisema siku hiyo hiyo alijua atamuoa."

Wakaoana. Wakaja Kisumu. Amolo alikuwa fundi wa injini ndogo, na kibanda chake kilikuwa Kibuye, upande wa wauza vyuma. Nekoye aliuza mandazi kando ya kibanda, na mkono mmoja ukiwa na unga, mwingine ulishika spana. Amolo akiwa chini ya mashine husema tu, "Nipe," naye anampa anachotaka bila kuuliza ni kipi. Wakapata mtoto, Benta. Maisha yalikuwa yakienda.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na tatu.

Wasikilizaji wapendwa, Amolo alikuwa ametengeneza injini ya boti. Injini ilikuwa haina cheche, akaifungia koili nyingine kuukuu aliyoipata. Pale kwenye meza ya kazi alivuta kamba, cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Mkewe aliiona kwa macho yake. Mwenye injini akashangilia. Wakaipeleka Usoma kuijaribu majini. Amolo akasema atazunguka kidogo peke yake, arudi wale chakula.

Injini ilikwenda vizuri. Watu waliokuwa ufuoni walimwona akipunga mkono. Alipofika mbali, injini ikazima. Walimwona akivuta kamba. Akavuta, akavuta. Upepo wa mchana nao ukaamka, mnaujua ule upepo wa ziwa letu, ukaigeuza boti ubavu kwa mawimbi. Makasia hakuwa nayo. Wavuvi walitoka kumfuata, lakini boti ilijaa maji kabla hawajafika. Walimpata Amolo kesho yake.

Nekoye hakuwa amefika thelathini na tano. Alibaki na mtoto, na jiko la mandazi, na kibanda cha marehemu. Na ile injini. Wavuvi waliiokoa, wakaileta nyumbani ikiwa imefungwa kwa gunia. Shemeji zake walitaka itupwe. Mwenyewe mwenye injini hakuitaka tena, aliogopa hata kuigusa. Wazee wakasema kitu kilichoua mtu hakikai bomani.

Nekoye akasema, "Acheni. Mimi nataka kujua kwa nini."

Baada ya matanga kwisha alirudi Kibuye. Akaikausha injini ile, akaisafisha, akaifunga kwenye pipa la maji nyuma ya kibanda. Akavuta kamba. Injini ikawaka. Hebu fikirini. Injini iliyomuua mumewe ikawaka kama haijafanya lolote. Benta alikuwa mdogo, lakini anakumbuka. "Mama alikaa kwenye kopo, akaitazama inanguruma. Halali, halii, anaitazama tu. Halafu ikazima yenyewe. Mama akaruka! Akavuta kamba, hakuna kitu. Akatoa plagi, akaangalia cheche, hakuna. Akaingia ndani akapika uji, akarudi imepoa. Akavuta. Ikawaka."

Alirudia hivyo siku nyingi. Majirani walidhani huzuni imemgeuza akili. Baba yake, Mzee Wakhisi, alikuja kutoka Webuye kumchukua, maana habari zilimfikia kwamba binti yake anashinda akizungumza na pipa. Mzee akakaa, akaiangalia ile injini ikiwaka na kuzima. Kisha akamwambia maneno ambayo Nekoye aliyarudia maisha yake yote:

"Binti yangu, mashine ikiwaka asubuhi na kufa adhuhuri, usilaumu mafuta. Ina ugonjwa wa joto."

Ndipo akaelewa. Koili ile kuukuu ilikuwa na ufa ndani, mahali jicho halifiki. Ikiwa baridi, cheche inaruka vizuri. Ikipata moto, ule ufa unafunguka, cheche inapotelea humo humo ndani. Amolo aliijaribu ikiwa baridi. Kila fundi alijaribu hivyo. Hakukosea kwa uzembe. Alifanya kama walivyofanya wote.

Mzee Wakhisi alirudi Webuye bila binti yake. Nekoye alibaki. Shemeji zake wakamuuliza, "Utafanya kazi ya wanaume?" Akawajibu, "Sitengenezi injini. Nitatafuta cheche. Anayetaka kufunga, afunge mwenyewe." Na tangu siku hiyo akawa na sheria moja. Koili yoyote, itoke popote, haiondoki kwenye kibanda chake mpaka ijaribiwe ikiwa moto.

Alifanyaje? Alikuwa na sufuria kuukuu yenye mchanga wa ziwa. Anaiweka juu ya jiko la makaa, mchanga unapata moto, anaizika koili ndani yake. Akiitoa imefikia joto la injini iliyofanya kazi, anaifunga haraka, anavuta kamba, anaangalia. Ikitoa cheche, unapewa. Isipotoa, anaitupa kwenye debe, na wewe unarudi mikono mitupu. Soko zima lilimcheka. Walisema Nyar Webuye anakaanga koili kama njugu. Wengine walipita wakiuliza, "Mama, leo zimeiva?" Naye anajibu, "Hazijakolea chumvi, rudi kesho." Alicheka nao. Lakini hakuna hata mmoja aliyepewa koili baridi.

Na kuzitafuta je? Hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe, wasikilizaji wapendwa. Mteja akileta mashine, Nekoye alichukua kipande cha kadibodi, akakata umbo la miguu ya ile koili, na matundu ya skrubu akayatoboa kwa msumari. Maumbo yale aliyatunga kwenye kamba, akayavaa shingoni kama shanga. Kisha anasafiri. Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu Mamboleo. Alikwenda Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, kupekua pampu zilizokufa. Alikwenda misheni, alikwenda shule, alikwenda kwa wajane waliobaki na mashine za waume zao. Akiona injini imetupwa, anachagua umbo moja shingoni, anapima. Inalingana au hailingani. Kazi ya macho na subira.

Nitawasimulia safari moja. Kule Maseno aliishi mama mstaafu, Mama Nabalayo. Nyuma ya nyumba yake, ndani ya banda la kuku, kulikuwa na mashine ya kukatia nyasi, ya zamani sana. Nekoye alipata habari, akapanda gari, akafika. Akakuta mashine ipo, umbo linaonekana kulingana, lakini kuku amelalia mayai juu yake. Mama Nabalayo akasema, "Mashine chukua tu, dada. Lakini huyo kuku usimguse, akiamka sasa mayai yataharibika." Mtu mwingine angembembeleza, au angemsukuma kuku kidogo. Nekoye aliuliza tu amelala tangu lini. Akarudi Kisumu. Vifaranga walipoanguliwa, alirudi Maseno na mfuko wa unga wa mahindi kwa ajili ya vifaranga, akafungua koili yake, wakanywa chai. Mama Nabalayo mwenyewe ameniambia kwa simu, "Nilimwambia, wewe mwanamke, utawahi kumaliza kazi? Akasema, 'Mama, hata kuku anajua kuna vitu havikimbizwi.'"

Sitaki mfikiri alikuwa malaika. Alikuwa mkali. Ukimharakisha, anakuzungushia mgongo. Kuna wateja waliohama kwa sababu ya ulimi wake. Na Benta ananiambia akicheka, lakini machozi yapo karibu, "Mama alijua ugonjwa wa kila injini Nyanza hii. Lakini mimi niko darasa gani, ilibidi nimkumbushe." Kitu kingine. Tangu Amolo afe, Nekoye hakuingia boti tena. Hata kidogo. Wavuvi wa Dunga walimwomba aje aone injini zao majini. Alikataa. "Leteni Kibuye," alisema. Kwenda Seme kwa wakwe alizunguka na barabara, hata kama boti ingemfikisha mapema. Ziwa alilitazama kwa mbali.

Basi tukafika mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba.

Ile mvua mnaikumbuka. Ilinyesha kama imetumwa. Mto Nyando ulivunja kingo, tambarare za Kano zikawa ziwa la pili. Watu wa Ahero walihamia barabarani na mbuzi na magodoro. Katika kijiji kimoja ng'ambo ya barabara, palikuwa na mama anaitwa Aoko, mke wa Tom, mwalimu. Tom alikuwa amewapeleka watoto mahali pakavu. Aoko alibaki kukusanya vitu. Udongo ulikuwa umelainika, na mkaratusi mkubwa uliokuwa kando ya nyumba ukang'oka na mizizi yake, ukaangukia paa. Aoko akabanwa mguu chini ya boriti, gogo likiwa juu ya boriti, na maji yakiwa yanaingia mlangoni polepole.

Aoko yuko hai. Nilimtembelea. Anasema, "Niliona maji yako kwenye magoti ya meza. Nikasema, yakifika kwenye kitambaa cha meza, nimekwisha. Nikaanza kuimba, maana kupiga kelele kulinichosha."

Wanaume walikuja na mapanga na shoka. Lakini gogo lile lilikuwa nene, na kila shoka lilipopiga, boriti ilishuka juu ya mguu wa Aoko, naye analia. Ilihitajika kukata bila kutikisa. Ulihitajika msumeno wa injini. Na mwenye msumeno alikuwa mmoja tu hapo karibu, Enos Wabwire, mpasuaji mbao. Msumeno wake ulikuwa wa zamani, aliourithi kwa tajiri wake wa kwanza. Enos akauvuta kamba mpaka mkono ukamuuma. Hakuna cheche. Maji ya mvua yalikuwa yameingia, na koili ilikuwa imepasuka.

Enos akaupakia msumeno kwenye lori lililokuwa likielekea mjini, barabara ilikuwa bado inapitika. Akafika Kibuye mchana, amelowa, anapiga mayowe tangu mlangoni. "Nyar Webuye! Mama! Kuna mtu anakufa Ahero, nipe koili!"

Nekoye alifungua ule msumeno mezani. Akasafisha platinamu. Akapima kwa kadibodi zake. Akasema zipo koili mbili zinazoweza kuingia. Ya kwanza, ile ya Maseno, ya banda la kuku. Akaifunga, akavuta. Cheche! Ya buluu, nzuri. Enos akanyoosha mkono kuuchukua msumeno.

Nekoye akaifungua tena ile koili, akaizika kwenye mchanga wa moto.

Wasikilizaji wapendwa, Enos Wabwire ni mtu mzima, mzee wa kanisa. Ameniruhusu nisome maneno yake kama alivyoyasema. "Nilimtusi. Nilimwambia, wewe mwanamke una roho gani? Mtu amebanwa, maji inapanda, wewe unakaanga koili! Nilimwita muuaji mbele ya soko. Watu walikusanyika, wakaanza kusema pia, 'Mama, mpe aende!' Yeye alikuwa anapuliza makaa tu. Na bado hatoi."

Alipoitoa, akaifunga, akavuta kamba. Hakuna kitu. Akavuta tena. Hakuna kitu. Ile koili aliyoingoja kwa subira yote, iliyotoa cheche nzuri dakika chache nyuma, ilikuwa imekufa kwa joto.

Enos anasema hapo ndipo alipoelewa. Msumeno ungewaka. Ungeingia katikati ya gogo, ungepata moto, ungezima na mnyororo wake ukiwa umebanwa ndani ya mti, juu ya mguu wa Aoko. Na hakungekuwa na msumeno mwingine.

Nekoye akaitupa ile koili kwenye debe. Akachukua ya pili, ambayo aliichomoa kwenye mashine fulani isiyo na jina pale Mamboleo, kutu tupu, haivutii kwa macho. Mchangani. Wakangoja. Safari hii hakuna aliyepiga kelele, hata Enos alishika kipepeo akapepea jiko. Ikatoka moto. Ikafungwa. Kamba ikavutwa. Cheche. Akavuta tena, cheche. Akaacha kidogo, akavuta tena, cheche. Ndipo akasema, "Hii itafika."

Akachukua mfuko wa plastiki, akaufunika msumeno, akaukumbatia. "Twende," akasema. Enos akashangaa. "Mama, wewe unaenda wapi?" Akamwambia, "Skrubu zimeshika kwa kushikilia tu. Zikilegea huko, utalia na nani?"

Gari la muuza mchele liliwachukua mpaka Ahero. Pale barabara ilipoishia, maji yalianza. Boti zilikuwa zimeletwa kutoka ziwani kubeba watu. Wavuvi wawili walikuwa wakingoja na makasia. Enos akaingia, akanyoosha mikono apokee msumeno.

Nekoye alisimama ukingoni. Mvua inanyesha. Enos hakujua habari za Amolo, alidhani mama amechoka. Akasema, "Nipe tu, Mama, wewe ubaki." Nekoye akamuuliza mvuvi mmoja, "Makasia ni mangapi?" Mvuvi akajibu, "Iko mbili, na nyingine moja ya akiba." Nekoye akasema, "Nionyeshe hiyo ya akiba." Akaonyeshwa. Akalitazama. Kisha akainua mguu, akaingia. Alikaa katikati, msumeno magotini, macho ameyafunga, midomo inasema kitu ambacho Enos hakukisikia.

Walifika. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kitambaa cha meza, na Tom alikuwa amerudi, amesimama ndani ya maji akimwinua mkewe kichwa. Nekoye akakaza skrubu kwa mara ya mwisho. Enos akavuta kamba. Msumeno ukawaka.

Aoko anasema, "Nilisikia ile kelele. Kelele mbaya, siku zote nilichukia pawaso ya Enos, inaamsha mtoto. Siku hiyo niliona kama kwaya."

Enos alikata polepole, upande mmoja kisha mwingine. Msumeno ukapata moto mpaka mvuke ukatoka mvua ilipouangukia. Haukuzima. Nekoye alisimama nyuma yake, maji kiunoni, mkono mmoja juu ya bega la Enos. Gogo likakatika, likabingirika kando. Wanaume wakainua boriti. Aoko akatoka. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, leo anatembea akichechemea. Lakini anatembea. Anafunza Jumapili kanisani. Na watoto wake wana mama.

Waliporudi barabarani, Enos alimshika Nekoye mikono. Akasema, "Mama, nisamehe. Nilikuita muuaji." Nekoye akamwambia, "Wewe ulikuwa na haraka ya kuokoa mtu. Hiyo si dhambi." Halafu ndipo akamwambia habari za Amolo, pale pale kando ya barabara, kati ya mbuzi na magodoro ya watu. Enos anasema alimsikiliza mpaka mwisho, na wote wawili wakalia, na watu walidhani ni mume na mke waliopoteza nyumba.

Baada ya mafuriko, sokoni hakuna aliyemcheka tena kuhusu njugu. Mafundi wengine wa Kibuye walianza kuja na koili zao, kwanza kwa aibu, kisha waziwazi. "Mama, tuwekee hii kwenye mchanga." Aliwawekea. Hakuwauliza walikuwa wapi miaka yote hiyo. Alimfundisha Benta, ambaye kufikia hapo alikuwa mama mwenye watoto wake, na Benta akajua kuisikiliza injini kama alivyoisikiliza mama yake.

Mwaka huu presha ilimzidi. Alilazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Alitulia usingizini, Benta akiwa amemshika mkono. Siku ya mazishi, Seme, watu walijaa hadi nje ya boma. Wavuvi walikuja kutoka fuo ambazo hakuwahi kukanyaga. Mama Nabalayo alikuja kutoka Maseno na jogoo chini ya kwapa. Aoko alikuja, akitembea kwa fimbo, na alipopewa nafasi ya kusema alisema neno moja tu kwa Kijaluo, "Erokamano," asante, akaketi. Enos Wabwire ndiye aliyepasua mbao za jeneza. Hakukubali mtu mwingine aziguse.

Kwa Benta Amolo na watoto wake, kwa familia yote ya Amolo huko Seme, kwa ukoo wa Mzee Wakhisi huko Webuye, sisi watangazaji na wasikilizaji wenu tunasema poleni sana. Mmempoteza mama. Sisi tumempoteza mtu aliyekuwa akitulinda, na wengi wetu hatukujua kama tunalindwa. Mungu awape nguvu.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tutafakari kidogo kabla ya kulala. Mama huyu alipigwa na msiba, na watu wote walimwambia autupe mbali. Yeye aliuliza kwa nini. Aliuliza mpaka akapata jibu, na jibu lile akawapa wengine, bure, hata walipomcheka. Wewe na mimi, ni jambo gani lililotuumiza ambalo hatujawahi kuliuliza kwa nini? Na ni nani mtaani kwako anayekuchelewesha kwa faida yako, nawe unamtusi? Mfikirie huyo. Kesho mpitie, umsalimie.

Kabla sijawaaga, Benta ameniomba nitoe tangazo. Kuna kazi moja ambayo Mama Nekoye hakuimaliza. Kuna mzee mmoja wa Nyamware, analima sukuma wiki na nyanya kando ya ziwa, na pampu yake ya maji ni ya zamani sana. Inahitaji platinamu yenye mkono mfupi, inayoshikwa na skrubu moja. Mama alikuwa akiitafuta mpaka alipolazwa. Benta ameshakwenda Mamboleo, ameshakwenda Maseno, hajaipata. Basi tazameni nyuma ya nyumba, chini ya vitanda, kwenye mabanda ya kuku. Mkiona injini kuukuu, msiitupe. Mpelekeeni Benta pale Kibuye, upande wa wauza vyuma. Mvua ya mwezi huu imechelewa, na nyanya za mzee yule zimeanza kutoa maua.